Sura ya Sita: Wimbo Usio na Namba

Fungua programu yoyote ya muziki kwenye simu, andika "Kasongo", kisha tazama majibu yanavyomiminika. Utakutana na wimbo wa Super Mazembe, bendi ya Wakongo iliyoanza mwaka 1967 ikiitwa Super Vox, ikapitia Zambia na kupiga kambi Nairobi mwaka 1974. Wimbo huo ulivuma miaka ya 1970, ukatulia, kisha mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya wakaufufua na kumbandika Rais William Ruto jina hilo. Baada yake utakutana na wanamuziki wanaoitwa Kasongo, maana ni jina la watu wengi kuanzia Maniema hadi Katanga na Kasai. Kuna Kasongo-Lunda kule Kwango, na Kasongo-Nyembo ya Waluba. Mji wa Kasongo wa kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki ya Kongo, uliokuwa ngome ya mfanyabiashara Tippu Tip kabla ya kutekwa na jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwezi Aprili 1893, ni Kasongo mmoja kati ya wengi.

Msikilizaji hapotei sana. Anajua anachokitafuta, atashuka chini kidogo na kukipata. Mashine inayogawa fedha ndiyo inayopotea. Kwake "Super Mazembe", "Orch. Super Mazembe" na "Orchestre Super Mazembe" ni bendi tatu, kwa kuwa herufi zake hazifanani. Nyimbo mbili zenye jina la "Mapendo", moja ya kwaya ya Kabambare na nyingine ya kijana wa rumba kutoka Bukavu, kwake ni kitu kimoja mpaka iambiwe vinginevyo. Jina limetumika tangu zamani kuwatambulisha watu kwa watu. Muziki ulipoanza kuhesabiwa na kompyuta, ilibidi kila rekodi ipate kitambulisho kisichofanana na cha nyingine duniani kote.

Herufi na tarakimu kumi na mbili

Kitambulisho hicho kinaitwa ISRC. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilikitangaza mwaka 1986 katika kiwango chake namba 3901, na tangu 1989 kinasimamiwa na IFPI, shirikisho la kampuni za kurekodi muziki. Kina herufi na tarakimu 12, na husomeka katika mafungu manne. Herufi mbili za mwanzo zilikusudiwa kuonyesha nchi. Tatu zinazofuata humtambulisha aliyepewa ruhusa ya kutoa namba: lebo, studio, au mwanamuziki anayejitegemea. Tarakimu mbili baada ya hapo ni za mwaka. Tano za mwisho ni za mfululizo, kuanzia 00000 hadi 99999, hivyo mwenye kiambishi kimoja anaweza kutambulisha rekodi 100,000 kwa mwaka. Hakuna kwaya itakayozimaliza.

Mafungu hayo humhadaa anayeyasoma kwa haraka. Tarakimu za mwaka huonyesha mwaka ambao namba ilitolewa, hazionyeshi mwaka ambao wimbo uliimbwa. Rekodi ya 1977 iliyopewa namba mwaka 2012 itabeba 12, na mtu asiyejua ataiona changa kuliko umri wake. Herufi za nchi nazo hazisemi wimbo umetoka wapi. Alama ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika orodha ya ISO ni CD. Lakini kijana wa Kasongo anayepeleka wimbo wake sokoni kupitia msambazaji wa mtandaoni aliyeko Marekani anaweza kupewa namba inayoanza na QZ, mojawapo ya viambishi vilivyotengwa kwa Marekani baada ya US peke yake kutotosha. Wimbo umeimbwa kwa Kiswahili cha Maniema, gitaa limepigwa Maniema, na bado kitambulisho kinataja nchi ambayo mwimbaji hajawahi kuikanyaga. Kiwango kilipoandikwa upya mwaka 2019, herufi tano za mwanzo zilifanywa fungu moja tu, na anayezisoma ameonywa asizitegemee kumjulisha asili ya muziki.

Sheria za namba hii ni chache na kali. Rekodi moja hupewa namba moja, na namba hiyo hudumu nayo maisha yote. Rekodi ikiuzwa kwa lebo nyingine, namba haibadiliki. Ikihama kutoka santuri kwenda kaseti, kutoka CD kwenda simu, namba ni ile ile. Lakini wimbo ukikatwa ili utoshe redioni, ukifanyiwa rimiksi, au ukirekodiwa jukwaani mbele ya watu, hiyo ni rekodi mpya na inahitaji namba mpya. Na namba iliyokwisha kutumika hairudishwi sokoni hata kama wimbo wake umesahauliwa.

Mtunzi huku, mpigaji kule

Namba ya rekodi haisemi lolote kuhusu mtunzi. Chukua "Shauri Yako". Wimbo huo ni wa Nguashi N'Timbo, aliyeurekodi na bendi ya Festival du Zaïre. Super Mazembe nao wakaurekodi Nairobi, na kwa wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki toleo la Super Mazembe ndilo "Shauri Yako" wanayoijua. Utunzi ni mmoja, rekodi ni mbili, na kila rekodi inastahili ISRC yake. Redio ikicheza toleo la Nairobi, waliopiga na kuimba Nairobi wana haki yao, na aliyetunga ana haki yake vile vile, hata kama sauti yake haimo.

Utunzi una kitambulisho chake, ISWC, kilichotolewa na ISO mwaka 2001 katika kiwango namba 15707. Huanza na herufi T, zikafuata tarakimu tisa, kisha tarakimu moja ya kuhakiki kwamba mwandikaji hakukosea. Utunzi wa kwanza kabisa kupewa namba hiyo ulikuwa "Dancing Queen" wa ABBA: T-000.000.001-0. Kampuni au msanii hawezi kujipa ISWC mezani kwake. Hutoka kwa vyama vinavyokusanya haki za watunzi, baada ya mtunzi kujiandikisha na kueleza nani alitunga maneno, nani alitunga muziki, na kwa mgawanyo upi.

Tofauti hii imewahi kuwagusa watu wa Maniema kwa karibu. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947, na asili yake ni Kindu, ambayo leo ni makao makuu ya jimbo. Alivuka kwenda Tanzania, akaimba na Orchestra Makassy, kisha akawa roho ya bendi ya Matimila. Mwaka 1989 lebo ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake Songs for the Poor Man, na ndani yake mna "Kipenda Roho". Miaka mitano baadaye wimbo huo ulisikika katika filamu ya Marekani Natural Born Killers, iliyoongozwa na Oliver Stone. Mtengeneza filamu anayetaka wimbo kama huo hubisha hodi milango miwili: mlango wa mwenye utunzi, na mlango wa mwenye rekodi. Akikuta mlango mmoja hauna anuani, ama ataacha wimbo huo na kuchukua mwingine, ama atalipa upande mmoja tu. "Kipenda Roho" ulikuwa chini ya lebo inayojulikana, na ulipatikana. Nyimbo ngapi za wenzake wa Kindu na Kasongo zilikuwa tamu vile vile, lakini hazikuwa na mlango wa kubisha?

AUD-20260118-WA0023

Tuufuate wimbo mmoja wa kawaida kutoka Kasongo, bila kumtaja mwenyewe kwa sababu ungeweza kuwa wa yeyote. Kwaya imeingia studio ya chumba kimoja: kompyuta, maikrofoni, magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi, na umeme wa sola au jenereta. Wamerekodi sauti, fundi ameongeza kinanda na ngoma, na mwisho wa siku amewapa faili. Jina la faili ni "kwaya final 2". Lile la "kwaya final" lilikuwa na kosa.

Mwanakwaya mmoja anautuma wimbo kwa ndugu yake kwa WhatsApp. Simu ya ndugu, kama nyingi za Android, haihifadhi jina la "kwaya final 2". Inaandika AUD-20260118-WA0023. Ukiichambua namba hiyo utaona kila kitu isipokuwa wimbo. AUD ni sauti. Tarakimu nane ni tarehe ambayo faili lilifika: 18 Januari 2026. WA ni WhatsApp. Tarakimu nne za mwisho ni zamu yake kati ya mafaili yaliyoingia kwenye simu hiyo siku hiyo. Ndugu akiutuma kwa jirani kesho yake, simu ya jirani itaupa tarehe nyingine na zamu nyingine. Wimbo mmoja unaweza kuwa na majina elfu katika simu elfu, na hakuna hata moja linalomtaja aliyeuimba.

Kutoka hapo wimbo unaingia kwenye kadi za simu. Anayeuza nyimbo kwa kunakili anaupakia kwenye flashi pamoja na mamia ya nyingine, mteja anaweka mfukoni, anapanda pikipiki. Siku chache baadaye unasikika Kabambare, kisha Salamabila na Namoya kwenye machimbo ya dhahabu, ambako spika haizimwi mpaka usiku. Kwa kupendwa, wimbo umefaulu. Kwa hesabu, haujawahi kuwepo.

Je, namba ingeweza kusafiri nao? Ingeweza, kwa sharti. Faili la MP3 lina sehemu ya maelezo ambayo mpiga muziki haioni mara nyingi: jina la wimbo, mwimbaji, albamu, na humo mna nafasi maalumu ya ISRC. Fundi wa studio akiijaza wakati wa kutoa faili, namba itakwenda na kila nakala, hata jina la nje likigeuzwa kuwa AUD na tarakimu. Lakini mtu akikata sekunde za mwanzo kwa programu ya kuhariri, au akirekodi upya kutoka kwenye spika ya redio, maelezo hayo huweza kupotea. Namba haimo ndani ya sauti yenyewe.

Ndiyo sababu majukwaa makubwa yamebuni njia nyingine ya kuisaidia. Shazam, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilianza kazi London mwaka 2002: mtu anapiga simu namba 2580, anaielekeza kwenye spika, kisha anapokea ujumbe wa jina la wimbo. Mashine haikuwa ikisoma ISRC. Ilikuwa ikilinganisha vilele vya mawimbi ya sauti na hazina yake. YouTube ilileta mfumo wa namna hiyo mwaka 2007, uitwao Content ID. Njia hii hutambua rekodi hata ikinyang'anywa maelezo yake yote. Ila hazina lazima iwe na rekodi ya kulinganishia, na rekodi hiyo lazima iwe imeunganishwa na namba na mwenye haki. Wimbo ambao haujapelekwa popote, hata mashine bora itausikiliza na kunyamaza.

Etiketi haimjui mchimbaji

Watu wa Maniema hawahitaji kufundishwa uzito wa namba. Tangu 2012 mifuko ya kasiteriti na koltani katika jimbo imekuwa ikifungwa etiketi za plastiki za ITSCI, mpango wa kufuatilia asili ya madini. Moja huwekwa karibu na shimo, nyingine kwa mnegosia, yaani mnunuzi wa kati, na namba zake huandikwa daftarini kabla mfuko haujaenda kwenye kontwari, yaani kampuni inayouza madini nje. Mfuko usio na etiketi huhesabiwa kuwa wa magendo. Wimbo usio na ISRC unakaribia hali hiyo: unaweza kuwa safi kabisa, lakini soko halina pa kuuingiza.

Watu hao hao wanajua pia etiketi isichoweza kufanya. Inaujua mfuko, haimjui aliyechimba. Mwezi Aprili 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyodai kwamba madini ya mahali pengine yalikuwa yakifungwa etiketi za ITSCI katika mashariki ya Kongo na kupitishwa kama halali. ITSCI ilikanusha. Vyovyote iwavyo, mabishano yenyewe yanaonyesha udhaifu wa mfumo wowote wa namba: namba ni ya kweli kadiri yule aliyeiandika daftarini alivyo mkweli.

Katika muziki hilo limeshathibitishwa mahakamani. Mwaka 2021 watu wawili walishtakiwa katika jimbo la Arizona, Marekani, kwa kudai kupitia Content ID kwamba wana haki ya zaidi ya nyimbo 50,000, nyingi za wanamuziki wa Amerika ya Kilatini. Hawakuwa wametunga wala kuimba. Walichofanya ni kujiandikisha mahali ambapo wenye nyimbo hawakuwa wamejiandikisha, na zaidi ya dola milioni 20 ziliingia mikononi mwao kabla hawajakamatwa na kukiri. Hawakuvunja namba ya mtu yeyote. Walijaza nafasi iliyokuwa tupu.

Basi anayeambiwa "chukua ISRC, wimbo utakuwa wako" anadanganywa. ISRC si hati ya umiliki. IFPI yenyewe haichunguzi nani mwenye wimbo inapotoa kiambishi. Namba huonyesha tu kwamba rekodi hii ni hii na si ile. Nani mwenye rekodi ni jambo la makubaliano kati ya watu, na makubaliano yasiyoandikwa hufa siku kundi linapogawanyika.

Njia ya Kinshasa

Mwaka ule ule wa 1986 ISO ilipotoa kiwango cha ISRC, Zaïre ya Mobutu ilitoa sheria yake ya haki za watunzi na haki jirani: amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili. Haki jirani ndizo za waimbaji, wapigaji na watengenezaji wa rekodi. Chama kilichokuwa kikikusanya fedha za watunzi wakati huo ni SONECA, kilichoundwa mwaka 1969. Mwaka 2011 nafasi yake ilichukuliwa na SOCODA, ambayo makao yake ni Kinshasa.

Kwenye karatasi, njia imekamilika. Redio inacheza wimbo, inaandika ilichokicheza, inalipa ada. Chama kinasoma orodha, kinatafuta namba, kinagawa. Lakini kutoka Kasongo hadi Kinshasa hakuna barabara ya kutegemea, na orodha ya redio ndiyo kiungo kinachokatika kwanza. Mtangazaji wa redio ya jamii anayecheza muziki kutoka kwenye flashi anaona kwenye kioo chake "Track 07" au ile AUD yenye tarehe. Hata akiwa na nia njema ya kuandika, ataandika nini? Na chama kikikosa orodha hugawa kwa makadirio, na makadirio huwapenda wenye majina makubwa wa Kinshasa, kwa sababu majina yao ndiyo yanayojulikana.

Kwa hiyo pengo linalofanya wimbo usikike Kabambare bila kuhesabiwa haliko kwenye sheria wala kwenye kiwango cha kimataifa. Liko kwenye saa moja, pale studio, kati ya wimbo kumalizika na faili kutolewa. Saa hiyo ikipita bila kuandikwa chochote, hakuna ofisi ya Kinshasa wala ya IFPI itakayoweza kuirudisha.

Kadi iliyorudi Kapkatet

Thamani ya saa hiyo inaonekana vizuri kwenye rekodi za zamani, zilizofanywa kabla ISRC haijafikiriwa. Hugh Tracey, aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine yake ya kurekodi, alikuwa Katanga mwaka 1952, na huko Jadotville, Likasi ya leo, alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda akipiga "Masanga". Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika, ILAM, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mfululizo wake wa Sound of Africa una santuri 210, kila moja na namba inayoanza na TR, na kila wimbo una kadi yake: lugha, mahali, ala, aina ya wimbo, waimbaji.

Mwaka 1950 Tracey aliwarekodi Wakipsigis wa Kapkatet, Kenya. Zaidi ya miaka 60 baadaye, ILAM na Ketebul Music ya Nairobi walibeba nakala za nyimbo hizo na kuzirudisha huko huko, kwa watu waliokuwa bado wakizikumbuka. Namba peke yake isingewafikisha. Kadi iliyounganishwa na namba ndiyo iliyowaambia waende kijiji gani na waulizie nani. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, nayo ina maelfu ya rekodi za Kongo, na mradi wa DEKKMMA ulizigeuza kuwa za kidijitali. Mradi kama huo hutegemea yaliyoandikwa siku ya kurekodi. Pale palipoandikwa "ngoma, wanaume" bila jina la kijiji, hakuna anayeweza kurudisha chochote kwa yeyote.

Daftari la studio

Studio ya Kasongo haihitaji mashine mpya kufanya kazi hii. Inahitaji daftari, na nidhamu ya kutomkabidhi mtu faili kabla ukurasa haujajazwa. Ukurasa huo uwe na jina la wimbo kama wenyewe wanavyoliandika, jina la kundi kwa tahajia moja isiyobadilika, aliyetunga maneno na aliyetunga muziki, kila aliyeimba na kila aliyepiga, tarehe, mahali, na urefu wa rekodi kwa dakika na sekunde. Kisha liandikwe swali ambalo wengi huliogopa: rekodi hii ni ya nani? Ni ya kwaya, ya parokia, ya msikiti ulioomba kasida, ya fundi, au ya aliyelipa studio? Wote watie sahihi wakiwa bado wanacheka pamoja, maana wakianza kuvutana hawatakubaliana hata juu ya urefu wa wimbo.

Hapo ndipo ISRC huingia, ama kwa kuomba kiambishi cha studio, ama kwa kuipokea kutoka kwa msambazaji wa mtandaoni. Iandikwe daftarini kando ya wimbo, ijazwe ndani ya faili, na redio ipewe nakala yenye maelezo kamili pamoja na karatasi. Mtunzi apeleke wimbo SOCODA kwa jina lake mwenyewe. Akibadilisha msambazaji mwaka ujao, aende na namba ile ile. Akikubali kupewa mpya kwa rekodi ya zamani, hesabu za wimbo mmoja zitagawanyika sehemu mbili.

Fedha zitakazopatikana huenda zikawa kidogo kwa miaka mingi, na mwenye kuahidi utajiri anauza maneno. Lakini kuna jambo ambalo si la baadaye. Rekodi za kusini mwa Maniema zinaandikishwa sasa hivi, moja moja, na yeyote anayezipakia mtandaoni, awe mwimbaji, mpwa wake aliyeko Bujumbura, au mgeni aliyezikuta kwenye flashi. Kila siku mmoja wao anajaza nafasi ya "mwenye haki". Daftari la studio ndilo linalomwezesha mwimbaji wa Kasongo kuijaza kabla ya wengine, na kuwa na ushahidi siku mwingine atakapokuwa amemtangulia.